Gemu Nzima Ilivyokatwa Vipande

Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Anayelinunua Bagamoyo leo analipata lote, na nyumba zake mbili, kama walivyolipata waliolicheza zama za misafara ya pembe. Kinachobaki ni akili ya mchezaji.

Video gemu nazo zilianza na mapatano yanayoeleweka. Pong ya 1972 ilimeza sarafu, ukacheza. Kaseti za Nintendo zilizofuata zilibeba gemu kamili, toka mwanzo hadi mwisho. Tamaa ilijaribu mapema: mwaka 1990, Double Dragon 3 iliweka duka ndani ya mchezo wenyewe, mtu aongeze sarafu ili apate silaha na wapiganaji. Wachezaji waliichukia, na toleo la Japani likaliondoa duka hilo.

Tanzania Bara tulichelewa kuyaona haya, maana hata televisheni ya ITV ilianza kurusha matangazo mwaka 1994. Iliyotufungulia mlango hasa ni PlayStation 2 ya mwaka 2000. Katika miji ya njia panda kama Msata, pale barabara ya Bagamoyo inapokutana na ile ya Chalinze kwenda Segera, kibanda cha gemu kilihitaji televisheni, pedi mbili na umeme. Vijana walilipia mechi, aliyefungwa akampisha mwenzake. Diski nyingi zilikuwa za kuchoma, na wizi huo siutetei. Lakini diski moja iliweza kumlisha mwenye kibanda kwa miaka, bila intaneti na bila kuomba ruhusa ya mtu. Ajira hiyo ya mtaani ilisimama juu ya jambo moja tu: gemu ikishanunuliwa, imekwisha kununuliwa.

Mwaka 2006 msingi huo ulianza kung'olewa. Gemu ya Oblivion iliuza deraya ya farasi kwa dola 2.50, watu wakaicheka, na wengi wakainunua. Mwaka 2009 gemu ya FIFA ikaleta Ultimate Team, ambamo unalipia pakiti ya wachezaji usiyojua ina nani. Hiyo ni bahati nasibu, na inauzwa kwa watoto. Linaloniudhi kupita yote ni la 2012: wapiganaji 12 wa Street Fighter X Tekken walikuwa tayari ndani ya diski, wamefungiwa, wakisubiri mwenye diski alipe tena. Kitu umekilipia, kimo nyumbani mwako, na bado unadaiwa!

Kisha yakaja matoleo maalumu. FIFA 23 ya kawaida kwa PlayStation 5 iliuzwa dola 69.99, na ile ya Ultimate dola 99.99, na mwenye toleo hilo alipata pointi 4,600 za kununulia pakiti na kuanza kucheza siku tatu kabla ya wenzake. Yaani hata tarehe ya kutoka kwa gemu sasa ina bei.

Hesabu hiyo ikifika Msata inavimba. Duka la mtandaoni la PlayStation halina Tanzania katika orodha ya nchi zake, hivyo mchezaji wetu hujisajili kama mkazi wa Uingereza au Marekani, kisha atafute kadi ya malipo ya huko. Halafu kuna bando. Call of Duty ya 2019, pamoja na nyongeza zake, ilipita gigabaiti 200. Kwa anayeishi kwa vifurushi vya simu, kuipakua tu ni kuinunua mara ya pili.

Watanzania si watu wa kunyamaza bei zinapopinda. Aprili 2, 2021, viwango vipya vya vifurushi vya simu vilipoanza, kelele zilikuwa kubwa kiasi kwamba Serikali ikavisitisha. Ubelgiji nao walikaza: mwaka 2018 tume yao ya michezo ya kubahatisha ilitamka kwamba masanduku ya bahati ndani ya gemu, kama zile pakiti za FIFA, ni kamari haramu, na Januari 2019 EA, watengenezaji wa FIFA, ikaacha kuuza pointi za FIFA nchini humo. Gemu yenyewe iliendelea kuuzwa.

Kwetu ipo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayokataza kumpotosha mlaji. Tume ya Ushindani ianze na kasha la gemu lililopo dukani: liandikwe kwa Kiswahili, juu kabisa, nini kimo ndani, nini kitalipiwa baadaye, na gigabaiti ngapi za kupakua kabla mechi ya kwanza haijaanza.