Mgonjwa Anayejibu: Ushawishi katika Tiba ya Magonjwa ya Kudumu Kibera

Katika kitabu chake cha Sheria, Plato anatofautisha matabibu wa aina mbili. Yupo anayetibu watumwa: haulizi wala haelezi, huamuru kisha akakimbilia kwa mwingine. Na yupo anayetibu watu huru: huzungumza na mgonjwa na jamaa zake, hujifunza kwao, na hatoi dawa mpaka mgonjwa aridhie. Nashikilia kwamba magonjwa ya kudumu hayadhibitiki kwa sauti ya tabibu yule wa kwanza, na ushahidi wangu unatoka Kibera, mtaa wa mabanda jijini Nairobi.

Kidonge cha presha humezwa na mtu asiyehisi kuumwa. Mama wa kijiji cha Silanga, Kibera, anayedamka kwenda kufulia watu nguo Lang'ata akiambiwa ameze kila siku bila kukosa, ana maswali ya haki kabisa. Kichwa kimeacha kuuma, anameza cha nini? Na siku isiyo na chakula? Asipopata nafasi ya kuyauliza, atayajibu mwenyewe nyumbani, na faili itamwita mkaidi.

Kuanzia Agosti 2013, shirika la Madaktari Wasio na Mipaka (MSF) lilijaribu njia nyingine Kibera. Wagonjwa ambao hali zao zilikuwa zimetulia, 25 hadi 35 kwa kundi, walikutana na muuguzi kila baada ya miezi 3. Wakapimwa, wakazungumza, wakachukua dawa. Wenye presha, wenye sukari na wenye virusi vya Ukimwi waliketi pamoja. Katika mwaka mmoja walijiunga wagonjwa 1,432 katika makundi 47, na waliopotea bila kurudi walikuwa takriban asilimia 3.5 tu.

Takwimu hizo hazithibitishi nguvu ya maneno peke yake: walioingia walikuwa tayari wamezoea dawa, na foleni fupi nayo huvuta watu. Hata hivyo mchanganyiko ule wa wagonjwa una uzito. Kuketi pale hakumtangazi mtu ugonjwa wake. Tena Aristotle alishasema kwamba msemaji huaminiwa kwa tabia yake. Mwenzako akikueleza anavyomeza dawa siku ya njaa, unamwamini kwa kuwa naye amelala na njaa.

Sheria ya Afya ya Kenya ya 2017 inamtaka mhudumu, inapowezekana, ampe mgonjwa maelezo kwa lugha anayoielewa, akizingatia kiwango chake cha kujua kusoma na kuandika. Ni hatua kubwa, ila mgonjwa bado amewekwa upande wa kusikiliza.

Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya wa nyanjani wapatao 100,000, wenye mikoba ya vipimo vya presha na sukari. Anayebisha hodi Silanga sasa ni jirani. Ujirani huo unampa sauti inayoaminika, lakini unamnyima mwenye virusi ule usiri wa kundi mchanganyiko, na hapo ndipo mafunzo yao yanapaswa kuanzia. Fomu yao nayo iwe na nafasi ya swali aliloliuliza mgonjwa, ili ziara inayofuata ifunguliwe kwa jibu lake kabla ya kipimo chochote.