Watoto, intaneti na dhiki ya moyo wakati wa korona (Shela, Lamu)

Matumizi ya intaneti huhesabiwa kuwa tatizo pale mtoto anaposhindwa kuyaacha ingawa yanamkosesha usingizi, masomo, hamu ya kula au maelewano na watu wa nyumbani. Wingi wa saa peke yake si dalili ya kutosha. Wakati wa janga la korona tatizo hili lilitajwa sambamba na dhiki ya moyo, yaani wasiwasi, huzuni na hasira za ghafla. Ni vigumu kusema kipi kinazaa kipi: mtoto mwenye huzuni hukimbilia simu, na simu ya usiku kucha humwongezea huzuni.

Shela ni kijiji cha kisiwa cha Lamu, kiasi cha kilomita 3 kutoka mji wa Lamu, mahali ambapo mizigo hubebwa na punda na mashua. Siku ya mtoto hapa hupangwa na shule, chuo cha Kurani, msikiti na michezo ya ufuoni. Mpango huo ulivunjwa ndani ya wiki chache. Shule za Kenya zilianza kufungwa tarehe 16 Machi 2020, siku tatu baada ya mgonjwa wa kwanza kutangazwa. Kafyu ya 27 Machi, ya saa moja usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, ikamaliza mazungumzo ya barazani. Misikiti nayo ilifungwa, na Ramadhani ikapita bila tarawehe ya jamaa. Ilipoanza kufunguliwa Julai, masharti yaliruhusu watu wasiozidi 100 kwa muda wa saa moja, na walio chini ya miaka 13 hawakuruhusiwa kuingia, sawa na wazee waliopita miaka 58. Madrasa ziliendelea kufungwa. Mtoto wa miaka kumi, basi, alikuwa miongoni mwa watu wa mwisho kurudishiwa maisha yake, jambo ambalo wanaoilaumu simu hulitaja kwa nadra.

Nyumbani nako hakukuwa shwari. Shela huishi kwa wageni: nyumba za kupangisha, mikahawa, jahazi za matembezi. Ndege za abiria kutoka nje zilisimamishwa 25 Machi hadi 1 Agosti, na Kaunti ya Kilifi, ambamo barabara ya kwenda Lamu hupita, ilifungwa kuanzia 8 Aprili hadi 7 Juni. Nahodha asiye na mgeni hushinda nyumbani, mfuko mtupu na maneno machache. Mtoto huiona hali hiyo kabla hajashika simu.

Wakati huohuo serikali ilipeleka masomo kwenye redio, televisheni na YouTube. Simu ikawa darasa, hata mzazi akashindwa kusema «weka simu» bila kuwa amesema pia «weka kitabu». Mara nyingi simu yenyewe ni moja, ya baba au ya mama, na ndugu huipokezana. Bando hununuliwa kidogo kidogo, pengine la saa moja tu. Bando la namna hiyo halifundishi kiasi, kwa kuwa lisipotumika hupotea, na kwa hiyo mtoto hulikimbiza mpaka dakika ya mwisho. Anayepokonywa simu dakika ya arubaini hulia kwa kuona haki yake imeliwa, na kilio hicho si lazima kiwe dalili ya uraibu.

Tahadhari hii ina msingi katika utabibu. Shirika la Afya Duniani liliingiza maradhi ya michezo ya kidijitali katika toleo la 11 la orodha ya magonjwa, lililopitishwa Mei 2019 na kuanza kutumika Januari 2022. Orodha hiyo inazungumzia michezo tu, wala si intaneti nzima, na kwa kawaida hutaka hali iwe imedumu miezi 12, ingawa muda huweza kupunguzwa dalili zikiwa kali. Shule za Kenya zilifungwa kwa muda usiofika miezi kumi. Kumwita mraibu mtoto aliyeparamia simu katika kipindi hicho ni kuharakisha hukumu. Anayejitenga hata baada ya wenzake kurudi ufuoni, au anayezungumzia kujidhuru, huyo anahitaji msaada bila kungoja. Nambari ya bure ya watoto nchini Kenya ni 116.

Kurudi shuleni kulikuwa kwa mafungu. Tarehe 12 Oktoba 2020 waliitwa gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne pekee. Katika nyumba moja, kaka wa darasa la nane alivaa sare asubuhi, na mdogo wake wa darasa la saba akabaki na simu hadi 4 Januari 2021.