Korosho katika Pwani ya Mtwara

Kahawa ya kusini mwa Tanzania hulimwa Mbinga, kwenye miinuko. Huku Ghuba ya Mnazi, kwenye pwani ya Mtwara penye joto na mchanga, zao la biashara ni korosho. Asili ya mkorosho ni Brazili. Wareno waliuleta Afrika Mashariki katika karne ya 16.

Hadi katikati ya karne ya 20 wafanyabiashara wa Kihindi walikuwa wakinunua korosho ghafi vijijini na kuzisafirisha India kubanguliwa. Wakati huohuo Waingereza walikuwa wakihangaika na mradi wa karanga wa Nachingwea, ulioanza 1947 na kufa baada ya miaka michache. Reli yake iling'olewa, lakini bandari ya kina kirefu iliyojengwa Mtwara kwa ajili ya karanga ikabaki, ikapata shehena ambayo wapangaji wake hawakuifikiria: korosho.

Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna takriban tani 145,000. Kisha zao likaporomoka, na udongo haukuwa na kosa. Operesheni Vijiji iliwahamisha wakulima mbali na mikorosho yao, bei ilikuwa duni, na ugonjwa wa ubwiriunga ukaunguza maua. Mashamba yaligeuka vichaka. Kufikia 1986/87 mavuno hayakuzidi tani 20,000, na viwanda vya kubangua, vilivyojengwa kwa mikopo, vilikaa bila kazi. Baadhi vikageuzwa maghala.

Watafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele, nje kidogo ya mji wa Mtwara, walionyesha kwamba unga wa salfa ukipulizwa wakati wa kuchanua huzuia ubwiriunga. Walizalisha pia miche bora na kushauri nafasi ya mita 12 kati ya mti na mti. Mkulima hufyeka na kufagia chini ya mkorosho kabla ya msimu, kwani korosho haichumwi: husubiriwa idondoke pamoja na bibo lake. Hunyongolewa, huanikwa juani, kisha hutiwa guniani. Mabibo hukamuliwa uraka, kinywaji kisichokaa siku nyingi kabla hakijachachuka. Ganda lina mafuta yanayobabua vidole, ndiyo maana ubanguaji wa mkono ni kazi ya kuonewa huruma.

Soko huria la miaka ya 1990 lilileta wanunuzi wengi, na pia kangomba, walanguzi wanaonunua kwa bei ya kutupa kwa mkulima aliyebanwa na njaa kabla ya mavuno. Mwaka 2007 ukaanza mfumo wa stakabadhi ghalani: korosho hupelekwa kwenye chama cha msingi, hupangwa madaraja, kisha hupigwa mnada. Novemba 2018 wakulima walipokataa bei za mnada, Rais Magufuli aliagiza serikali inunue kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likasomba mzigo. Tangu msimu wa 2023/24 serikali imeagiza korosho za kusini zisafirishwe kupitia Bandari ya Mtwara. Sehemu kubwa bado huondoka ikiwa ghafi.