Kabla ya Ajenti wa AI, Kulikuwa na Wapiga Taipu Watatu

Wasee, leo tuongee kuhusu ile skrini nyeusi.

Saa hii kila mtu ana stori ya ajenti wa AI. Si ajenti wa M-Pesa, tuelewane. Huyu ni programu unayemwachia kazi kwa maneno ya kawaida, halafu mwenyewe anafungua faili, anaandika amri na kuita huduma zingine zimalizie. Kazi moja ambayo watu wanampa sana ni makaratasi. Unamuunganisha na huduma ya kutengeneza hati, unamwambia "toa invoisi za wateja wa mwezi huu," na kabla chai ipoe folda imejaa PDF.

Kinachoshangaza wengi ni kwamba habonyezi vitufe vya rangi kama mimi na wewe. Anaandika amri, mstari mmoja mmoja, kwenye terminali, ile ya herufi tupu ambayo tuliambiwa ni mambo ya wazee. Mbona kitu kipya hivi kitumie chombo cha kale hivyo? Maoni yangu ni haya: terminali ilikuwa mahali pa makaratasi karibu tangu mwanzo. Na kuna watu waliokalia hicho kiti kabla ya ajenti, ambao tukisahau walichokuwa wanafanya, itatucost.

Kwanza, usiogope neno "amri". Ukibonyeza *334# kwa simu, umeandika amri. Unatuma alama chache, mfumo unajibu kwa maandishi, unachagua namba, unajibiwa tena. Hakuna picha wala rangi, na bado pesa inafika kwa mama kule Bungoma. Terminali ni hivyo hivyo, ila haikupangii orodha ya kuchagua. Lazima ujue neno la kuandika.

Sasa twende 1964, MIT, Marekani. Mwanafunzi anaitwa Jerome Saltzer alikuwa anaandaa pendekezo la tasnifu yake ya udaktari. Akaandika programu mbili kwenye kompyuta ambayo watu wengi walikuwa wanaitumia kwa pamoja. TYPSET ilikuwa ya kuandika na kurekebisha maneno. RUNOFF ilikuwa ya kuyapanga kwenye kurasa. Ndani ya maandishi yako uliweka mistari inayoanza na nukta, na hiyo mistari ndiyo iliambia mashine iache nafasi hapa, ianze ukurasa mpya pale. Yaani msee alitaka tu karatasi yake itoke safi, akaishia kuanzisha ukoo mzima wa programu. Mimi niliyeacha chuo kabla ya kufika tasnifu, hiyo stori naipenda sana.

Tukio kubwa lilitokea Bell Labs, maabara ya kampuni ya simu ya AT&T. Mwaka 1969 maabara ilijitoa kwenye mradi mkubwa wa mfumo wa kompyuta ulioitwa Multics. Ken Thompson na Dennis Ritchie, waliokuwa humo, walianza kujenga mfumo wao mdogo, Unix, kwenye mashine ndogo ambayo tayari ilikuwa imepitwa na wakati. Walitaka mpya, lakini wakubwa hawakuwa na hamu ya kulipia mfumo mwingine wa kompyuta baada ya hasara ile. Hasola yeyote anajua hiyo hali: una wazo, huna bajeti.

Walibadilisha lugha. Mwaka 1970, ombi halikusema tena "tunataka kujenga mfumo wa kompyuta." Lilisema wanataka mashine ya kuandaa maandishi na hati. Bei ilikuwa kama dola 65,000, na safari hii ikakubaliwa. PDP-11 ikanunuliwa. Mwenzao Joe Ossanna alikuwa amegundua kwamba idara ya hataza, ile inayosajili uvumbuzi wa kampuni, inatafuta mfumo wa kuandaa maombi yake. Maombi hayo yana masharti, kwa mfano mistari ya kila ukurasa lazima iwe na namba. Programu yao ya kupanga maandishi, roff, iliyotoka ukoo wa RUNOFF, iliweza kufanyiwa hiyo kazi.

Kwa hivyo nusu ya pili ya 1971, wapiga taipu watatu wa idara ya hataza walikaa kwenye terminali za Unix wakitaipu, wakirekebisha na kupanga maombi siku nzima. Ritchie alipoandika historia ya Unix baadaye, aliwataja hivyo tu: wapiga taipu watatu. Mashine ilikuwa moja. Diski yake ilikuwa nusu megabaiti, chini ya picha moja ya simu yako. Haikuwa na ulinzi wa kumbukumbu, kwa hivyo wataalamu wakijaribu programu mpya, mfumo wote ungeweza kuanguka na kazi ya wale watatu. Na bado kazi ilitoka. Idara iliridhika, ikachukua Unix, na heshima ya mradi ikapanda ndani ya kampuni.

Manze fikiria hiyo. Linux, inayoendesha seva nyingi za intaneti na iliyo chini ya simu yako ya Android, ilianza 1991 kwa kufuata mfano wa Unix. Na Unix ilipata mashine yake kwa sababu kulikuwa na makaratasi ya kuandika, na watu wa kuyaandika.

Mwaka 1973 Unix ikapata paipu. Doug McIlroy alikuwa ameandika tangu 1964 kwamba programu ziunganishwe kama mipira ya kumwagilia bustani, na Thompson ndiye aliyeitekeleza. Programu moja inatoa maandishi, nyingine inayapokea, ya tatu inayapanga. Kila moja inafanya kazi ndogo na kuifanya vizuri.

Hapo ndipo ajenti anaingia bila kubisha hodi. AI ya lugha inasoma maandishi na kutoa maandishi. Terminali inapokea maandishi na kurudisha maandishi. Mwaka 2024 ilitoka Model Context Protocol, njia rasmi ya kuunganisha AI na huduma za nje, lakini ajenti wengi bado wanatumia terminali kwa sababu kila kitu kiko hapo tayari. Chukua Pandoc, programu ya bure ya tangu 2006 inayogeuza hati kutoka muundo mmoja hadi mwingine. Ajenti anaandika:

pandoc ripoti.md -o ripoti.docx

Basi. Una faili ya Word. Huduma za kulipia hufuata mtindo unaofanana: unakuwa na kiolezo chenye mapengo, faili ya data yenye majina na bei, na ufunguo wa siri unaoonyesha huduma wewe ni nani. Ajenti anasoma maelezo ya matumizi, anaandika amri, anasubiri jibu. Namba 0 ikirudi, programu imemaliza bila hitilafu. Ikirudi namba nyingine, anasoma ujumbe wa kosa na kujaribu tena.

Lakini hiyo 0 haisemi kwamba kilichoandikwa ni kweli. Inasema tu kwamba karatasi imetoka. Mwaka 2023 mawakili wawili wa New York na kampuni yao walipigwa faini ya dola 5,000 katika kesi ya Mata dhidi ya Avianca, baada ya kuwasilisha kortini hati yenye kesi ambazo ChatGPT ilizitunga. Hati ilikuwa na sura ya hati ya korti kabisa. Kesi zilizotajwa ndani ndizo hazikuwahi kuwepo.

Mpiga taipu mzuri hakuwa mashine ya vidole. Nenda saiba yoyote mtaani ukataipiwe CV. Yule mama atakusimamisha: "Kijana, mbona hapa umezaliwa 2024?" Hiyo sentensi haiko kwenye bei ya ukurasa, lakini ndiyo inakuokoa. Tukimtoa yeye na kumweka ajenti, lazima tuamue nani ataiuliza. Pia lazima tuseme ukweli kwamba mkate wake unaguswa, na wengi wetu tumelelewa na mkate kama huo.

Sisemi tukatae. Kazi yangu ya kontenti ina invoisi, mikataba na ripoti, na ajenti hunisaidia. Ila kiolezo nimeandika mwenyewe, na maneno ya mkataba hayabadilishi. Namba anazitoa kwenye faili yangu, hazikisii. Ufunguo wa siri nauhifadhi kwenye mipangilio ya kompyuta, siuandiki kwenye maongezi naye. Anaruhusiwa kutengeneza hati, haruhusiwi kuituma. Majina na namba za vitambulisho vya wateja sizimwagi kwa huduma yoyote tu, maana Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na haijali kama aliyevujisha ni wewe au programu yako. Halafu nasoma kila ukurasa kabla haujatoka.

Kama unataka kujifunza hii kitu, usingoje digrii. Fungua terminali, anza na Pandoc, geuza hata barua moja. Na kwa wewe mwenye saiba: jifunze kumwendesha huyu ajenti kabla wateja wako hawajajifunza, kisha weka bei kwenye kile ambacho miaka yote umekuwa ukikitoa bure, yaani kusoma na kuuliza.