Mshika Fimbo

Ukitaka kuijua historia ya upimaji wa barabara, mtazame yule anayesimama ng'ambo ya pili. Katika Misri ya kale wapimaji walivuta kamba, kila mmoja na ncha yake. Warumi walikuwa na groma: mti wenye msalaba juu, timazi nne zikining'inia. Mpimaji alipatanisha timazi mbili kwa jicho moja, huku akimwelekeza mwenzake wa mbali achomeke kijiti: kushoto kidogo, hapo hapo. Upepo ukivuma, timazi zilicheza, nao walisubiri.

Mwaka 1620 hivi Mwingereza Edmund Gunter alibuni mnyororo wa futi 66, wenye pingili 100. Kipimo hicho kiling'ang'ania ardhini: hadi leo barabara nyingi za Australia na New Zealand zimetengewa upana wa mnyororo mmoja, kama mita 20.

Vyombo vya darubini vilipokuja, mtu wa ng'ambo alipewa fimbo yenye namba. Alishuka korongoni, akapanda tuta, akasimama katikati ya lami malori yakimpita ubavuni. Alipimiwa mkato mmoja wa barabara, kisha akasogea, mara nyingi mita 20, kwenye mwingine. Kati ya mkato na mkato hapakukanyagwa, palikadiriwa. Hapo ndipo mkandarasi na mhandisi mshauri walipokabana koo, maana udongo hulipwa kwa mita za ujazo.

Kisha ikaja nuru: Theodore Maiman aliwasha leza ya kwanza nchini Marekani mwaka 1960. Katika miaka ya 1990 Ben Kacyra, mhandisi ujenzi mzaliwa wa Mosul, Iraq, na wenzake wakaunda skana ya leza ya kubebeka. Hutupa mipigo ya nuru, ikapima muda wa kwenda na kurudi. Ndani ya sehemu ya bilioni ya sekunde nuru hukata sentimita 30, kwa hiyo saa yake haina ruhusa ya kusinzia. Nukta zinazorudi, mamilioni kwa mamilioni, huwa wingu lenye umbo la barabara nzima. Skana za siku hizi hufungwa hata juu ya gari, nalo likapima huku foleni ikiendelea.

Mshika fimbo akarudishwa nyumbani. Mimi nasema waliomrudisha waliharakisha. Yeye alikanyaga nyasi mpaka fimbo iguse udongo. Skana hupima majani, na juu ya dimbwi mara nyingi nuru huakisiwa kwingine isirudi. Basi ofisini mtu hushinda kwenye kompyuta akifuta nyasi, bodaboda na wapita njia. Nyasi zikizidi, hutumwa kijana na fimbo, akakanyage.