Masango, Simu na Waya: Historia ya Istilahi za Nyaya za Baiskeli

Karatasi ya maelekezo ya kufunga nyaya za gia katika baiskeli ya milimani ni fupi, na mfasiri huihesabu kuwa kazi ya nusu siku. Nasi tulidhani hivyo. Tulipoisoma tafsiri yetu mbele ya fundi mmoja wa Kiberege, kandokando ya barabara itokayo Mikumi kwenda Ifakara, alifuata neno kwa neno sentensi isemayo: “Kata waya mpya ulingane na wa zamani.” Akakata. Alichokata ni waya wa ndani, ilhali sisi tulikusudia bomba la nje lipitishalo waya huo. Waya ukawa mfupi, haufiki kwenye gia. Hakukasirika, alisema tu, “Ndugu zangu, hapa mmeandika waya, na waya ndiyo hii.” Kosa lilikuwa letu, na makala haya yametokana nalo.

Kiswahili hakikuwa maskini wa majina ya kitu hiki. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka pwani kwenda bara ilichukua, pamoja na nguo na shanga, mizigo ya masango, yaani nyaya nene za shaba na za chuma. Waya mwembamba uliotengenezwa kuwa pambo la mkononi au mguuni uliitwa udodi. Zaidi ya hayo lipo neno simu, ambalo asili yake ni Kiajemi, na katika lugha hiyo maana yake ni waya. Mwaka 1879 waya wa telegrafu wa chini ya bahari ulifika Unguja, na katika matumizi ya watu neno hilo likashikamana na habari zilizopita katika waya kuliko chuma chenyewe: watu wakapeleka simu, kisha wakapiga simu. Leo twachukua mfukoni simu isiyo na waya hata mmoja, wala hakuna alalamikaye kuwa neno limekosea. Basi ilipohitajika kutaja chuma chenyewe, masango yalikuwa yamekwenda na misafara, udodi umebaki katika mapambo, na simu imehama. Likaazimwa neno waya kutoka Kiingereza, likabebeshwa mzigo wote.

Kwa miaka mingi mzigo huo haukuwa mzito kwa fundi wa baiskeli. Sehemu nyingine za chombo hiki zilikwisha kupata majina, baadhi kutoka vyombo vya zamani: usukani ulitoka jahazini, tandiko likatoka mgongoni mwa punda. Nyingine zilikuja na majina yao, kama breki, cheni, spoki na gia. Lakini baiskeli nyeusi zilizoenea vijijini, za Raleigh, na baadaye Phoenix ya Shanghai na Hero ya India, kwa kawaida zilivuta breki kwa vijiti vya chuma, si kwa waya. Mwairishi Ernest Monnington Bowden alikuwa amepata hataza ya waya upitao ndani ya bomba linalopindika tangu mwaka 1896, na gia ya ndani ya habu ya Sturmey-Archer, iliyobuniwa mwaka 1902, ilivutwa kwa waya. Hata hivyo, mkulima wa bonde la Kilombero aliyebeba gunia la mpunga kwenye keria hakuwa na haja na vitu hivyo. Kijiti cha chuma kikipinda hunyooshwa kwa nyundo.

Haja imekuja pamoja na baiskeli za gia nyingi. Hadi mwaka 1984 mpanda baiskeli wa namna hiyo kwa kawaida alisogeza mkono wa gia kwa kukisia, mpaka cheni ikae. Mwaka huo kampuni ya Shimano ya Japani ilileta mtambo unaosogea kwa hatua, kila hatua ikilia “ta” na kuvuta waya kwa kipimo kilekile cha milimita chache. Hapo bomba la nje likawa na kazi kubwa kuliko waya, kwa sababu likifupika kidogo linapopindwa, kipimo huharibika na cheni hurukaruka. Bomba la zamani, lililosukwa kwa ukanda wa chuma uliozunguka kama springi, hufupika. Kwa hiyo yakatengenezwa mabomba ya gia yenye nyuzi za chuma zilizolala sambamba kwa urefu.

Mfasiri asidhani kuwa tofauti hiyo ni ya mafundi peke yao. Bomba lenye nyuzi za kulala hushikiliwa na plastiki tu. Likifungwa kwenye breki laweza kupasuka mpandaji anapobana kwa nguvu, akabaki mteremkoni bila breki. Karatasi inayoyaita yote mawili “waya”, au hata “bomba la waya”, yaweza kumvunja mtu mguu.

Sisi tumependekeza ala. Waya huingia na kutoka ndani yake kama kisu alani, na kila aliyesikia neno hili alilielewa bila kufafanuliwa. Tutakuwa basi na ala ya breki, au ala ya springi, na ala ya gia, au ala ya nyuzi. Wenzetu wengine walipenda koti au gamba. Lakini koti huvuliwa, na gamba limeota juu ya kitu wala halimwachii nafasi ya kusogea.

Taabu kubwa zaidi ilikuwa aina ile iliyokingwa dhidi ya maji na tope, ambayo kwa bonde hili lenye mafuriko ya masika ingefaa sana. Kwa kawaida ala hukatwa vipande, na tope huingia kwenye kila mdomo ulio wazi. Katika aina hii mrija mwembamba wa plastiki huufunika waya bila kukatika, toka mkono wa gia hadi nyuma, na mwisho wake huvikwa mpira. Tuliandika kwanza “kufunga waya uliofungwa”, tukacheka wenyewe. Tukajaribu “ala iliyozibwa”. Fundi akauliza: imeziba au imezibwa? Kwake ala iliyoziba ni ile iliyojaa tope, nayo hutupwa. Herufi moja ilitenganisha dawa na ugonjwa! Tumeandika ala ya kukinga tope. Ni ndefu, lakini haidanganyi.

Sentensi yetu sasa yasema: “Kata ala mpya ilingane na ya zamani, waya uache mrefu, uukate mwisho, baada ya kuukaza kwenye gia.” Tumeongeza kwamba mdomo wa mrija wa ndani ufunguliwe kwa ncha ya msumari baada ya kukatwa, kwani koleo huubana, na kwamba usitiwe grisi, maana grisi hushika vumbi.

Limebaki jina la kile kikofia cha chuma kivikwacho ncha ya ala. Tuna neno noleo, ile pete ya chuma ikazayo mpini pale kisu kiingiapo, nalo lingekaa vizuri karibu na ala. Lakini noleo ni jiwe la kunolea pia, na fundi wetu alipolisikia alinyosha mkono kulitafuta chini ya benchi. Katika karatasi tumeandika pete, mpaka kikao kitakapoamua.