Mchapishaji Ambaye Nakuru Imemsahau

Ukishuka matatu pale Ngata, kwenye njia ya kwenda Njoro, huna haja ya kuuliza mara mbili iliko Kasri ya Lord Egerton. Kila mwendesha bodaboda anaijua. Mlowezi huyo alianza kuijenga 1938, ikakamilika 1954, na hadi leo watu hulipa kiingilio waione. Rudi mjini uulize alikoanzia Gakaara wa Wanjaũ kazi yake ya vitabu, na watu watakutazama tu.

Ili uelewe kwa nini alianzia Nakuru, anzia stesheni ya reli. Mji huu ulikuwa kitovu cha mashamba ya walowezi. Vibarua, makarani na wafanyakazi wa reli walikutana hapa, na kwa miaka mingi mwanamume Mwafrika alitembea na kipande, kitambulisho cha lazima, kikining'inia shingoni. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia wakaongezeka askari waliorudi nyumbani, wameona dunia, mifuko mitupu.

Gakaara alikuwa wa kundi hilo. Alizaliwa 1921 upande wa Tumutumu, Nyeri, akafukuzwa shule ya Alliance baada ya mgomo wa chakula wa 1940, kisha akawa karani jeshini. Hapa Nakuru, yeye na wenzake walianzisha kampuni ya African Book Writers. Mwaka 1946 alitoa *Ũhoro wa Ũgũrani*, kuhusu mambo ya posa na ndoa. Mwaka 1948 akaja na kijitabu kikali zaidi, *Roho ya Kiume na Bidii kwa Mwafrika*. Hiki alikiandika kwa Kiswahili, na ukilitazama kundi lile la stesheni utaona sababu: kibarua Mluhya, Mjaluo na Mkikuyu wangeweza kukisoma wote.

Serikali ya kikoloni nayo ilikisoma. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 20, 1952, Gakaara alikamatwa, akazungushwa katika kambi kadhaa, ikiwemo ile ya kisiwa cha Manda, Lamu, kwa miaka mingi. Kasri ya Ngata ilipokamilika, yeye alikuwa kizuizini, akiandika shajara kwa siri.

Alipoachiliwa alifungua kiwanda cha uchapishaji Karatina, akatoa jarida la *Gĩkũyũ na Mũmbi* na visa vya kuchekesha vya Wa-Nduuta. Shajara ile ilichapishwa 1983, na mwaka uliofuata ikashinda Tuzo ya Noma ya uchapishaji barani Afrika, pamoja na kitabu cha Njabulo Ndebele wa Afrika Kusini. Gakaara alifariki 2001.

Karatina inamkumbuka kwa sababu mtambo wake ulikuwa huko. Lakini kazi yenyewe ilianzia Nakuru, na mji uliopandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 2021 hauwezi kuendelea kumtangazia mgeni kasri ya mlowezi peke yake. Serikali ya kaunti ianze na jambo dogo: barabara moja yenye jina lake, na rafu moja ya vitabu vyake katika maktaba ya umma.